Redio Sawa, Friji Iache Ukutani

Mama yangu Nasimiyu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naijua. Asubuhi umekula mihogo yote niliyochemsha ukasema unaiaga, kisha ukatoka mbio kwenda Ziwani kusukwa. Kwa jinsi msusi wako anavyopenda hadithi, hutarudi hapa Shauri Moyo kabla jua halijatua, kwa hiyo nina mchana mzima wa kukuandikia. Leo sikwenda Gikomba. Nguo za watoto zitaningoja kibandani mpaka Jumatatu, na wateja wangu wakienda kwa jirani, waende salama.

Nakuandikia kwa sababu nikikuambia kwa mdomo tutagombana. Siku hizi mimi na wewe hatuwezi kuzitaja zile plagi zako za simu bila mmoja wetu kupandisha sauti, na sitaki jioni yetu ya mwisho iishe kwa kelele. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Uisome kabla hujalala. Nataka kesho uingie kwenye basi la Lodwar ukiwa umeisoma, maana kama hujaisoma naogopa hutaingia.

Ndiyo, nilisikia. Jumatano, ulipokuwa chumbani unaongea na Anti Rosa, ulidhani niko nje naanika nguo. Nilikuwa jikoni nakata sukuma wiki.

"Anti, mi siendi," ulisema. "Nitawapigia niwaambie kumetokea shida home. Mathe hawezi baki solo."

Nikasimama na kisu mkononi nisijue nilikuwa napika nini. Kazi uliyoitafuta tangu umalize chuo, maabara uliyoisubiri huku ukipanga viatu vya watu kwenye duka la mtu, unataka kuitupa kwa ajili yangu. Nilikosa usingizi siku hiyo, na usidhani ni kwa sababu nilikukasirikia. Nilikosa usingizi kwa sababu upande mmoja wa moyo wangu ulifurahi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Habari za kula vizuri, kuomba na kuchagua marafiki sitaziandika. Umezisikia mpaka unazikariri ukiniigiza sauti. Nataka tuongee juu ya plagi, kwa maana ndizo zilizotufikisha hapa.

Siku ulipozileta nilidhani ni zawadi, nikafurahi. Zilikuwa tatu, nyeupe, nene kama mandazi. Ukaniketisha ukanieleza polepole, kama unavyoeleza wagonjwa: hii inachomekwa ukutani, kifaa kinachomekwa kwenye hii, halafu mwenye simu anaweza kuona kama kifaa kinavuta stima, akakiwasha, akakizima, hata akiwa Lodwar. Ulisema watu wengi wanaanza na taa. Sisi taa zetu hazina shida, swichi iko pale mlangoni. Wewe ulitaka vitu vingine. Koili ya maji, ili niamke nikute maji ya kuoga yana moto. Friji, ili ujue insulini yangu iko kwenye baridi. Na redio, kwa sababu kabla sijasema hata sala mimi hufungua redio, na ukiiona inavuta stima utajua mama yako ameamka.

"Sawa, daktari," nikakuambia. Ukacheka, ukanibusu kwenye kitambaa cha kichwa. Hakuna aliyejua kwamba tungegombana mwezi mzima.

Koili ndiyo iliyotuaibisha kwanza. Uliipangia iwake alfajiri. Ulichosahau, wewe uliyezaliwa hapa hapa, ni kwamba mfereji wetu hauna ratiba. Jioni ile maji hayakuja, na yale kidogo yaliyokuwa kwenye ndoo niliyamaliza kwa vyombo. Koili ikabaki inaning'inia kwenye ndoo tupu, na alfajiri plagi ikafanya ilivyoambiwa. Niliamshwa na harufu. Ndoo ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, na plagi yenyewe haishikiki kwa moto, imegeuka rangi ya chai. Tulipoigeuza tukasoma mgongoni kwamba ni ya ampea kumi tu, na koili ile inavuta zaidi. Uliinunua kwa sababu muuzaji alikuapia kwamba zote ni sawa. Muuzaji hakai nyumbani kwetu.

Kwa hiyo huko uendako, kabla hujanunua plagi igeuze usome mgongo wake, kisha usome kifaa chako kinavuta kiasi gani. Na kitu chochote cha kutoa joto, iwe pasi, koili au jiko la stima, kisiwashwe na mtu ambaye hayuko chumbani. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu nilijifunza kwa njia mbaya. Hadithi ya pasi unaijua kwa sababu Mama Hafsa huisimulia kila Idi, lakini yeye huisimulia kwa kuchekesha watu, na haikuwa ya kuchekesha.

Ulikuwa bado unanyonya. Nilikuwa napiga pasi sare ya baba yako, stima ikapotea. Nikafanya anachofanya kila mtu mtaani kwetu: nikasonya, nikaiacha pasi pale pale juu ya meza, nikakufunga mgongoni nikaenda zangu sokoni. Stima ikarudi mimi sipo. Mama Hafsa, ambaye wakati huo tulikuwa tunasalimiana tu kwa sababu tumegawana ukuta, aliona moshi dirishani. Akavunja kioo kwa mchi, akaingiza mkono wake akazima swichi. Ana kovu mpaka leo. Baba yako alienda kazini na suruali ya kanisani, naye hakuninunia hata siku moja, Mungu amrehemu. Ningekuacha umelala ndani siku ile ningekuwa naandika barua hii kwa nani?

Tangu hapo mkono wangu haujui kutoka mlangoni bila kupita ukutani. Stima ikipotea, zima. Ukitoka, zima. Runinga, redio, hata ile ruta ya mtandao, zima zote. Wewe ulinifokea kwamba plagi zako zinataka ukuta uwe umewashwa saa zote na mtandao uwepo, la sivyo simu yako haioni kitu. Nilikuelewa. Mkono wangu ndio haukuelewa.

Friji ilikuwa ya pili. Ulikuwa umelala kwa Anti Rosa kule Makongeni, stima ikapotea usiku na kurudi asubuhi. Plagi yako haikurudi nayo. Kumbe nyingine zikikatiwa stima husahau kwamba zilikuwa zimewashwa, hukaa zinangoja kuambiwa, na wewe wa kuziambia ulikuwa umeishiwa na bando. Mimi nikatazama ukutani, nikaona taa nyekundu ya swichi inawaka, nikajua mambo yako sawa. Nilipofungua friji kesho yake maziwa yalikuwa yamekatika. Zile chupa za insulini ambazo hazijafunguliwa zilikuwa na joto la kiganja changu. Kliniki walitubadilishia, lakini uso wako ulipozishika zile chupa sijausahau. Ulilia. Mimi nilijifanya mkali ili nisilie, nikakuuliza ni nani aliyekutuma uchezee friji ya watu. Nisamehe hilo neno. Hukuwa unachezea, ulikuwa unanihofia.

Friji nikairudisha ukutani siku hiyo hiyo, na hapo ndipo ikae. Hata kwako, friji usiiwekee kitu cha katikati ambacho simu inaweza kukizima kwa kidole kilichoteleza.

Sasa redio. Hapa ndipo tulipogombana kweli, na nadhani hukuelewa kwa nini. Ulikuwa tena kwa Anti Rosa. Nilikuwa nimekaa na miguu yangu kwenye beseni, nasikiliza matangazo ya vifo, na usinicheke, ndiyo njia yangu ya kujua habari za nyumbani Bungoma. Redio ikanyamaza katikati ya jina la mtu. Nikatazama juu, taa inawaka. Kisha simu ikalia.

"Mathe, lala bana. Dokta alisema upumzike."

Umenizimia redio ukiwa Makongeni! Nilikujibu maneno ambayo sitayaandika. Uliona ni mama mzee amekasirika kwa kukatizwa redio, lakini mimi nilikuwa nimerudi Ziwani, kabla hujazaliwa, kwenye chumba cha kwanza nilichokaa mjini. Mwenye nyumba wetu alikuwa na swichi kubwa ya ploti nzima chumbani kwake, nyuma ya kitanda. Akiamua tumetumia stima vya kutosha, anazima. Akigombana na mpangaji mmoja, sote tunakaa gizani. Kuna mwanamke pale aliyekuwa akimsalimu mzee yule kwa kupiga magoti, na hakuwa amelelewa hivyo. Alikuwa tu na cherehani ya stima na watoto wa kulisha. Nami nilianza kucheka vichekesho vyake visivyochekesha. Nilihama pale nikiapa kwamba hakuna mtu mwingine atakayeniwashia na kunizimia.

Na wewe vilevile. Ukianza kupika chungu kimoja na kijana huko, na najua ipo siku, usimpe nywila ya nyumba yako kwa sababu amekuchekesha. Anaweza kuwa mtu mzuri. Siku mkikosana atakuzimia feni katikati ya joto la Lodwar ili umpigie simu, na utampigia.

Yaliyobaki unayajua, lakini unayajua kutoka upande wa Nakuru. Ngoja nikusimulie kutoka upande wangu.

Jumamosi ile ya harusi ya rafiki yako huko Nakuru niliamka mapema kuliko kawaida. Tajiri ninayenunua kwake alikuwa anafungua beli jipya la nguo za watoto, na ukichelewa unakuta wenzako wameshachukua kamera, zile nguo bora za juu zinazochaguliwa kwanza, wewe unabaki na soksi zisizo na wenzao. Nikavaa gizani. Mkono wangu ukapita ukutani kama kawaida yake, ruta, redio, zote nikazima. Simu kubwa nikaiacha chini ya godoro kwa sababu Gikomba ya alfajiri haina huruma. Kabambe, ile simu yangu ndogo, nikaibeba, kumbe haina chaji, maana stima ilikuwa imepotea usiku. Na Mama Hafsa alikuwa kwa dada yake Garissa. Nikaenda zangu, nikapata kamera nzuri sana, rinda la njano ambalo ningekuwekea kama ungekuwa mtoto.

Wewe kule ukaamka ukatazama simu. Redio kimya. Plagi haipatikani. Simu zangu zote hazipatikani. Ukawapigia vijana wanaoosha magari pale nyuma.

Nilirudi na mzigo kichwani nikakuta watu wamejaa mlangoni kwangu kama kuna matanga. Brayo, mmoja wa wale vijana, alikuwa ameshika nyundo.

"Mathe! Kumbe uko poa!"

"Niko poa. Mlango wangu je?"

"Huo ndio hauko poa, Mathe," akasema akiutazama ulivyolala chini. "Nasimiyu alikuwa analia kwa simu. Alisema tusipovunja atatulaani."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Niliwapa vijana soda. Nilikuwa sijaelewa bado. Nilielewa jioni, ulipoingia na gauni la usimamizi wa harusi, viatu mkononi, nyuzi za mashada zimekuganda nyweleni. Uliacha bibi harusi wako kanisani. Hukunisalimia. Ulinishika kidole ukanipima sukari pale pale kwenye mwanya wa mlango, mbele ya majirani, na hukukiachia kile kidole mpaka kipimo kiliposoma. Nikakutazama usoni. Nasimiyu, ule haukuwa uso wako, ulikuwa uso wangu.

Unakumbuka mwaka wako wa kwanza chuoni? Nilikuwa nakupigia kila jioni. Usiposhika, nampigia mwenzako wa chumbani. Naye asiposhika, namtafuta mlinzi wa hosteli, ambaye namba yake niliipata kwa kumdanganya kwamba mimi ni mjumbe wa kamati ya wazazi. Siku uliyoenda kutazama filamu na wenzako nililia kwenye simu mpaka yule mlinzi akaenda kubisha vyumba vyote. Ulirudi ukakuta ghorofa nzima inajua mama yako amelia. Ulianza tu kunitumia ujumbe kila ulipotoka na kila uliporudi, na mimi nikajisifu kwa Anti Rosa kwamba nimelea mtoto mwenye adabu. Haikuwa adabu, mama. Ilikuwa hofu, na niliipanda mwenyewe. Baada ya baba yako kufariki nilidhani kuogopa kwa niaba yako ndiyo njia ya kukulinda. Nikakufundisha kwamba mtu asiyeonekana amekufa. Sasa umekuwa mtu mzima, umenunua mashine za kukuonyesha kama nipo, na mashine zikinyamaza unavunja milango.

Hilo ndilo kosa langu. La pasi halifiki hata nusu yake.

Kwa hiyo jana, ulipoenda kuchukua barua yako ya kuripoti kazini, nilimwita Brayo tukatengeneza mambo. Nisikilize, kisha ubishe ukitaka.

Koili nimeitupa. Nitachemsha maji kwa jiko la gesi nikiwa nimesimama hapo. Pasi iko ukutani, friji iko ukutani. Plagi imebaki moja tu, ya redio. Redio inavuta stima kidogo, haichomi mtu, na ikizimika kimakosa hakuna kinachooza. Brayo ameiweka iwe ikikumbuka hali yake stima ikirudi. Juu ya swichi ya redio na ya ruta nimebandika plasta ya vidonda, zile pana, ili mkono wangu ukipita usizipate. Leo asubuhi umepita pale mara mbili usizione.

Programu sasa iko kwenye simu yangu, mwenye nyumba ni mimi, na wewe nimekuingiza kama mgeni. Brayo anasema mgeni naye anaweza kuwasha na kuzima, hawezi kuzuiwa. Basi nakuomba tu. Tazama, usiguse. Ukiona redio imeamka, ujue nami nimeamka, kisha uweke simu mfukoni uende kazini.

Ukiona iko kimya, usiruke kwenye basi. Kwanza jiambie kwamba huenda stima imepotea au kuna beli linafunguliwa. Piga kabambe, nimeshajizoeza kuichaji. Kisha mpigie Mama Hafsa. Amerudi, na safari hii nimempa ufunguo. Halafu rudi kwenye kazi yako, maana huko kuna mgonjwa anayengoja jibu la damu yake, na mama yake pia ana wasiwasi.

Sasa nikuambie ninachoogopa, kwa sababu nikijifanya shujaa hutaniamini. Naogopa usiku. Naogopa ile sukari kushuka kama ilivyoshuka mwezi ule, ulipoamka ukanikuta nimelowa jasho nasema maneno yasiyoeleweka, ukanikorogea maji ya sukari ukanishikilia kichwa kama mtoto. Nikilala najiuliza nani atanikorogea. Wiki hii nzima nimekuwa nikiamka kusikiliza kama unapumua chumba cha pili, si kwa ajili yako, kwa ajili yangu. Kesho kutwa nitaamka na chumba kile kitakuwa na kitanda tu. Sijui nitafanya nini. Nitazoea, labda. Watu huzoea.

Nilimwambia Mama Hafsa haya yote, nikiwa nalia kwenye mlango wake kama msichana. Hakunipa pole hata moja.

"Mimi naamka kabla ya adhana kila siku, au hujui?" akasema. "Nitagonga ukuta. Nawe ugonge. Usipogonga nakuja, na ole wako nikute umelala tu."

Tumeanza tangu Jumatatu. Anagonga kwa ule mchi wake, nami nagonga kwa kiatu. Ndiyo sababu umekuwa ukilalamika kuna panya wakubwa ukutani. Na kando ya kitanda nimeweka glukosi na chupa ya soda ya sukari, isiyofunguliwa, na wageni wameambiwa si yao. Chakula cha jioni sikiruki tena. Hayo ndiyo ninayoweza kufanya, nimeyafanya.

Limebaki neno moja, na nimelizunguka tangu mchana nikiogopa kuliandika.

Mama yangu mzazi, huyo ambaye una jina lake na ndiyo maana nakuita mama, alifariki Bungoma mimi nikiwa Gikomba. Nilikuwa nimeinama kwenye rundo la makoti natafuta yenye vifungo vyote, simu ikalia. Kwa miaka mingi sana nilijiambia kwamba ningekuwa kwake asingekufa. Ningeona anavyopumua. Ningemwahisha hospitali. Nilikuwa nikiona mzee yeyote anavuka Jogoo Road nalia. Halafu siku moja tulikuwa tunachambua dengu na Rosa, nikamwambia hayo mawazo yangu, yeye akaacha kuchambua. "Dada," akaniambia, "mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimemshika mkono. Alikuwa ananiambia niende nikawafungie kuku, akanyamaza." Nilikuwa nimemsahau Rosa, unaelewa? Miaka yote hiyo nilijililia mwenyewe kwa sababu sikuwepo, nikasahau kwamba aliyekuwepo hakuweza kitu.

Basi nasikiliza redio yangu, nachoma sindano yangu, nagonga ukuta wangu, na sina haraka ya kwenda popote. Lakini ikija siku redio ikanyamaza, na Mama Hafsa akakupigia kwa ile sauti ambayo mtu akiisikia anaketi chini, usije ukasema ungekuwepo. Nakuomba kwa jina ulilopewa. Mpigie Anti Rosa, umuulize kulikuwaje kuwepo, naye atakuambia. Kisha uje unizike, ulie vya kutosha, urudi kazini kwako. Sitaki kuona, popote nitakapokuwa, mtoto wangu amekaa Shauri Moyo analinda friji.

Na feni ya huko Lodwar, hiyo iwekee plagi, feni haina neno. Soma mgongo kwanza.

Nasikia sauti yako pale nje unamsalimu Brayo, na msusi amekufanyia haraka kuliko nilivyodhani. Naacha hapa. Kesho nitakusindikiza mpaka basini. Nitalia, najijua, na nitalia kwa sauti, na utaniona kupitia dirishani nimeshika ukingo wa lile basi kana kwamba naweza kulizuia. Usishuke.

Mimi mama yako,
ambaye kwa mara ya kwanza hatakupigia kuuliza kama umefika. Utanipigia ukipata nafasi.